Mfupa Umeunga, Mguu Haujarudi: Mazoezi ya Viungo kwa Wanyama wa Nyumbani Walioumia

Mwaka jana, jirani yangu mwenye duka kando ya barabara iendayo Katonga alinisimamisha asubuhi nikielekea kazini. Aliniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa tangu niajiriwe na Halmashauri: ni ofisi gani inayohusika na kumuua mbwa. Mbwa mwenyewe, aitwaye Simba, alikuwa amelinda duka hilo kwa miaka minne. Pikipiki ilimgonga, muundi wa mguu wa nyuma ukavunjika, afisa mifugo akamfunga hogo, na baada ya majuma saba hogo likaondolewa. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Hata hivyo mbwa alitembea kwa miguu mitatu, wa nne ameukunja chini ya tumbo, na paja la upande ule lilikuwa limekonda hadi kuonekana kama la mnyama mwingine.

"Dada yangu, nimelipa gharama zote na bado ni kiwete," alisema. "Mlinzi asiyekimbia atalinda nini?"

Swali hilo nililipeleka kwa mtaalamu wetu wa mifugo, na jibu lake ndilo lililozaa makala haya. Alisema mbwa yule alikuwa ametibiwa nusu. Hogo lilikuwa limemaliza kazi yake, nayo ni kuushika mfupa utulie hadi uunge. Kuufundisha mguu kutembea upya ni kazi nyingine, na hiyo haikuwa imeanza.

Kwa upande wa binadamu, kazi hiyo ya pili inajulikana. Hospitali huiita huduma ya utengamao: mgonjwa wa kiharusi au aliyevunjika nyonga hupelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanyooshwa, akasimamishwa, akafundishwa hatua moja baada ya nyingine. Kwa wanyama, huduma hii ilianza kupata nafasi yake katika nchi zenye farasi na mbwa wa mashindano, kwa kuwa mnyama wa mbio asiyerudi uwanjani ni hasara kubwa. Nchini Marekani, tiba ya michezo na utengamao wa wanyama ilitambuliwa kuwa fani ya ubingwa mwaka 2010. Huko mbwa aliyefanyiwa upasuaji hutembezwa juu ya mkanda unaozunguka ndani ya tangi la maji ya vuguvugu, na mtaalamu hupima jinsi anavyokanyaga. Hapa kwetu hakuna tangi la namna hiyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tiba hii haihitaji mtambo wowote. Inahitaji mtu mmoja mvumilivu, kamba, kitambaa, na dakika chache kila siku kwa majuma kadhaa.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini mguu uliopona hugoma kutembea. Msuli usiotumika hupungua haraka. Ndani ya majuma machache tu tofauti huonekana kwa macho. Kiungo kilichofungwa bila kukunjwa hukakamaa, kwa sababu nyama na kano zinazokizunguka hufupika na ule ute unaokilainisha hausambazwi. Juu ya hayo, mnyama ana kumbukumbu. Alipokanyaga siku ya kwanza aliumia, naye akajifunza kutokanyaga. Maumivu yakiisha, mazoea yanabaki. Mbwa na mbuzi humudu miguu mitatu kwa urahisi sana, kwa hiyo hawana sababu ya kuujaribu ule wa nne mpaka mtu awalazimishe kwa upole.

Kabla ya yote hayo, kuna onyo ambalo mtaalamu wetu alinitaka niliweke mapema, asije msomaji akaishia katikati ya makala bila kulikuta. Mbwa au paka anayeyumba, anayeburuta miguu ya nyuma au aliyepooza ghafla bila kuonekana akigongwa au kuanguka asiguswe. Kichaa cha mbwa si lazima kije na ukali. Mara nyingine huja kwa kupooza: taya linalegea, mate yanatiririka, sauti inabadilika, mnyama anajificha au anakuwa mpole kupita kawaida yake, miguu inaishiwa nguvu. Mwenye huruma akamfungua mdomo akidhani amekwama mfupa kooni, na mate yakamwingia kwenye mchubuko wa kidole, huyo mtu yuko hatarini kufa. Mnyama wa namna hiyo afungiwe mahali bila kushikwa, na ofisi ya mifugo ijulishwe siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kung'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Kinga yake ni chanjo ya mbwa, ambayo huanza akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka.

Ikiwa chanzo cha ulemavu kinajulikana, kama pikipiki, jiwe, kuanguka kutoka darini au kunaswa na waya, hatua ya kwanza ni mnyama kuonwa na mtaalamu. Mifupa iliyovunjika hufungwa kwa hogo au viunga vinavyovuka kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tunapofunga wenyewe kwa vipande vya mianzi: tunafunga pale penye jeraha tu, au tunakaza mno. Bendeji iliyokazwa huzuia damu, na mguu uliokuwa umevunjika kidogo huoza wote. Kila asubuhi mwenye mnyama atazame vidole au kwato zinazochomoza chini ya hogo. Zikiwa zimevimba, zimekuwa baridi, au pakianza kutoa harufu, asisubiri siku ya miadi. Hogo pia halitakiwi kulowa. Mfuko wa plastiki huvishwa mnyama anapotoka kwenye umande na kuvuliwa anaporudi ndani, kwani ukiachwa humo ndani hutokota jasho.

Kosa jingine linafanywa kwa nia njema kabisa. Mnyama analia usiku, na ndani ya nyumba kuna dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli humuua paka, hata kipande kidogo cha kidonge, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Ibuprofeni na diklofenaki huwatoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zao. Dawa za maumivu za wanyama zipo, na kipimo chake hutolewa kwa uzito wa mnyama. Ninajua duka la dawa liko karibu kuliko ofisi ya mifugo. Bado, heri mnyama alie usiku mmoja.

Katika siku mbili tatu za mwanzo baada ya kuumia, palipovimba huwekwa barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Katika kata ya wavuvi barafu haikosekani. Uvimbe ukishatulia, badala ya baridi huja joto: taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, ambalo mtu mwenyewe anaweza kulivumilia kwenye mkono wake wa ndani. Joto hili hutangulia mazoezi, kwani msuli uliopata joto hunyooka bila kuuma.

Mazoezi yenyewe huanza mtaalamu akisharidhika kwamba mfupa umeunga, na kwa mbwa mzima jambo hilo huchukua takriban majuma 6 hadi 12. Kwa mtoto wa mbwa ni upesi zaidi. Mnyama hulazwa ubavu, mguu mbovu ukiwa juu. Mtu mmoja, yule anayezoeana naye, humtuliza kichwani. Mwingine huupapasa mguu kutoka kwenye wayo kuelekea mwilini ili kurudisha maji ya uvimbe, kisha hukunja na kukunjua kiungo kimoja kimoja: vidole, kifundo, goti, nyonga. Kila kiungo mara 10 hadi 15, polepole, mara mbili au tatu kwa siku. Mkono mmoja hushika juu ya kiungo na mwingine chini yake, mguu usipindwe. Mnyama akigeuza kichwa kwa ghafla au kukaza mwili, hapo ndipo mwisho wake wa leo. Kesho utasogea kidogo. Anayelazimisha humfundisha mnyama kuogopa mkono wake, na kazi huharibika.

Kisha hufuata kutembea, na hapa jirani yangu alikuwa akifanya kinyume. Kila jioni alimfungua Simba akimbie "ili mguu uzoee". Mbwa anayekimbia hukimbia kwa miguu mitatu. Ni katika mwendo wa taratibu sana, kamba ikiwa fupi, ndipo analazimika kuushusha wa nne, maana kusimama kwa muda mrefu juu ya mitatu humchosha. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha kwa juma la kwanza, kisha huongezwa kidogo kidogo. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa haifai, kwani mguu dhaifu huteleza na mnyama akaumia upya. Mchanga ni bora zaidi: humfanya anyanyue wayo na kuuweka kwa uangalifu. Mnyama ambaye miguu yake ya nyuma haimbebi hupitishiwa khanga iliyokunjwa chini ya tumbo, karibu na mapaja, na mtu akaishika ncha zote mbili kama mpini wa kikapu. Lengo ni kumpunguzia uzito, na mnyama aachiwe sehemu ya mzigo wake. Akining'inizwa hewani hajifunzi kitu.

Nimetaja tangi la maji la Marekani. Maji yana kazi gani? Mbwa aliyesimama ndani ya maji yanayomfika nyonga hubeba kwa miguu yake kidogo tu zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Uzito uliobaki hubebwa na maji. Wakati huo huo maji humpinga anaposogeza mguu, hivyo msuli hufanya kazi bila kiungo kugandamizwa. Mabwawa ya mazoezi ya mbwa ya ughaibuni hupashwa moto hadi kukaribia nyuzi 30. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima. Sisemi kwamba tuna hospitali ya bure mlangoni, lakini wenzetu hulipia umeme kwa kitu kinachokaribia hicho.

Kuna masharti, na ni ya lazima. Kidonda kiwe kimefunga na nyuzi zimetolewa. Asubuhi ziwa likiwa limetulia ndiyo saa yake, wala si nyakati za upepo wa kusini unapopiga mawimbi. Mahali pawe pa mchanga ulio wazi. Penye matete na majani pana konokono wa kichocho, na mtu anayemshika mnyama ndiye atakayeambukizwa. Penye matete pia ndipo mamba hujificha. Maji yasizidi nyonga za mnyama, kamba isiachwe, na akitoka afutwe akauke. Pia mnyama asiogeshwe kwenye mwalo wala karibu na vichanja vya dagaa wala pale akina mama wanapochota maji. Tumehangaika vya kutosha na magonjwa ya kuhara katika mwambao huu.

Wako wakazi wenzetu, hasa upande wa Ujiji, ambao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu za imani. Hilo halimzuii mtu kumsaidia mnyama. Kamba, khanga ya kumbebea na glovu za mpira hutosha kwa karibu kila zoezi nililolieleza, na watoa huduma wetu wamezoea kufanya kazi katika nyumba zenye utaratibu huo.

Nyumbani kwangu hakuna mbwa, kuna mbuzi. Kwa mbuzi habari ni njema zaidi, kwani ni mwepesi, mifupa yake huunga vizuri, na aliyevunjika mguu wa chini ya goti mara nyingi hupona kabisa akifungwa mapema. Lakini desturi yetu ni kisu: mbuzi akivunjika mguu Ijumaa, Jumamosi ni mchuzi. Kwa dume la kuuzwa hesabu hiyo huenda ikawa sahihi. Kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha ni hasara ambayo familia haikuipigia hesabu, na ningependa mtu aulize kwanza ofisini kabla ya kunoa. Mazoezi yake ni rahisi pia, kwa kuwa mbuzi humfuata mwenzake: watembezwe wawili polepole, majani yakiwekwa mbele mahali panapomlazimu asimame.

Paka hawakubali kamba, na anayejaribu atajuta. Paka aliyeumia mguu hutengewa chumba au kreti kubwa ili asiruke, na baadaye huchezeshwa kwa uzi au kichwa cha dagaa, kikiinuliwa na kushushwa ili ajinyooshe mwenyewe.

Si kila mnyama atarudi alivyokuwa. Eneo letu lina mfano wake maarufu. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwakumba sokwe wa Gombe, umbali mfupi kaskazini ya mji wa Kigoma, na Jane Goodall pamoja na wenzake waliwapa chanjo ndani ya ndizi ili kuzuia usienee. Sokwe aliyeitwa Faben alipoteza matumizi ya mkono mmoja. Alijifunza kutembea wima kwa miguu miwili masafa marefu, akaendelea kuishi miongoni mwa wenzake kwa miaka. Mwingine, mzee aliyeitwa McGregor, alipooza miguu yote miwili, akawa anajiburuta chini, vidonda na nzi vikimwandama, na wenzake wakimkwepa. Watafiti walimlisha kwa siku kadhaa, kisha wakaamua kumpiga risasi ili asiendelee kuteseka. Goodall aliandika habari zao zote mbili bila kuficha uamuzi huo.

Nimewataja kwa sababu swali la jirani yangu halikuwa la aibu. Mbwa aliyevunjika uti wa mgongo, asiyehisi miguu yake na asiyeweza kukojoa mwenyewe, anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia, kukamuliwa kibofu, na kusafishwa kila siku. Ziko familia duniani zinazoyafanya hayo na kumtengenezea mbwa kigari cha magurudumu kwa mabomba ya plastiki. Nyumba isiyoweza si katili. Ila uamuzi huo ufanywe na mwenye mnyama pamoja na mtaalamu, na mnyama alale kwa dawa. Asipigwe kwa rungu wala kutupwa jalalani akiwa hai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na mateso yasiyo ya lazima na amtafutie tiba anapougua, na kumtelekeza mnyama aliyeumia ni kosa.

Kwa upande mwingine, mnyama aliyekatwa mguu mmoja na kupona asihesabiwe kuwa miongoni mwa hao. Mbwa wa miguu mitatu hutembea, hubweka na kufukuza wezi, mradi asinenepe, maana kila kilo ya ziada inaielemea miguu iliyobaki.

Mkazi mwenye mnyama aliyeumia aanzie ofisi ya kata, aulize afisa mifugo, au afike Idara inayoshughulikia mifugo katika Manispaa. Ni vyema aende na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kama anayo, akumbuke siku na namna ajali ilivyotokea, na kama ana simu yenye kamera amchukue mnyama picha akitembea, kwa sababu mbwa wengi wakifika mbele ya mgeni hutembea vizuri kwa woga. Mbwa afungwe mdomo kwa kitambaa laini kabla ya kubebwa, hata akiwa mpole, isipokuwa kama anapumua kwa shida au anatapika; maumivu humng'atisha mbwa yeyote. Abebwe juu ya ubao au gunia lililovutwa pande nne, bila kumkunja mgongo. Majeraha yanayohitaji upasuaji mkubwa yana rufaa, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako madaktari wa wanyama hufundishwa, ni mojawapo ya mahali hapo. Lakini safari ni ndefu na gharama si ndogo, kwa hiyo mwenye mnyama aombe ushauri wa wazi kabla ya kukata tiketi.

Ama kuhusu Simba, alipelekwa ziwani kila asubuhi kwa majuma sita na kijana wa dukani, ambaye mwanzoni alilalamika na mwishoni akawa hataki kuachia kamba. Juma la tatu aliushusha mguu akiwa ndani ya maji. Juma la nne aliushusha akiwa mchangani. Leo akikimbia anachechemea kidogo, hasa nyakati za baridi, na jirani yangu anasema hajaniuliza tena ile ofisi iko wapi.